Gari ya Mama na Sheria ya Baba

Watu wa bara ukiwaambia kwamba Pemba kuna vilima hucheka, maana wao wana milima yenye theluji. Waje basi waendeshe kutoka kwetu Ole mpaka Chake. Hujamaliza kupanda kilima kimoja, mara unashuka bondeni kwenye mpunga, na ukiupita mpunga kilima kingine hicho hapo mbele. Barabara ya lami ilitufikia baada ya kampeni mbili za ahadi, lakini lami haikuvisawazisha vilima.

Baba alivijua vyote. Alikuwa dereva wa lori la karafuu tangu hatujazaliwa, na alikuwa na sheria moja aliyoiheshimu karibu sawa na sala: ukifika juu ya kilima, tia nyutro, ile gia isiyovuta. Iachie gari iteremke kwa uzito wake, mafuta yabaki kwenye tangi. Madereva wote wa rika lake walifanya hivyo, kwa sababu walijifunza kazi miaka ambayo petroli ilikuwa haba kisiwani. Baba aliweza kuliachia lori na magunia yake likashuka, likavuka bonde, likapanda nusu ya kilima cha pili bila ya mguu wake kugusa mafuta, na abiria waliokaa juu ya magunia wakimsifu.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono na mguu wa kulia na zaidi ya nusu ya maneno yake. Daktari wa Chake alisema mkono utarudi kama atafanyiwa mazoezi kila wiki bila ya kukosa. Ukiachwa utakauka vilevile ulivyo.

Ndipo mama, ambaye alikuwa hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli, alipouza karafuu zake za msimu ule na kumwagiza mjomba wangu wa Unguja amtafutie gari. Majirani walimkumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mama aliwaitikia kwa adabu zote, kisha akenda kujifunza. Miezi michache baadaye alikuwa na leseni, na mimi ninayejiona msomi, mwalimu wa skuli ya Chake, nilikuwa nikipewa lifti na mama yangu.

Gari aliyoipeleka mjomba ilikuwa haibridi, ya petroli na betri kwa pamoja. Iliposhuka melini Mkoani haikutoa sauti, wapagazi wakadhani inasukumwa. Mtaani kila mtu alitaka kujua mama ataichomeka wapi kuichaji, na kuna bibi mmoja aliyetuonya kwamba tutamaliza umeme wa kijiji kizima. Mama aliwajibu lile alilojibiwa na mjomba, kwamba inajichaji yenyewe njiani. Inajichaji vipi, mjomba hakueleza, na sidhani kama alijua.

Basi tukawa tunakwenda hivi: mama usukanini, baba kushoto kwake, mimi nyuma na madaftari ya wanafunzi. Kila tukifika juu ya kilima, baba alikusanya ulimi wake akasema, "Nyuto." Na mama akatia nyutro. Alitii kila kilima, kwenda na kurudi.

Mwanzoni gari ilikuwa raha tupu. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi kulikuwa na picha ya betri yenye vijistari, na mishale ikionesha nguvu zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Lakini baada ya wiki kadhaa vijistari vilibaki viwili tu, na kila tukipanda, injini ilinguruma kama mashine ya kukobolea mpunga huku gari ikijivuta. Petroli ikawa inakwisha upesi kuliko tulivyoahidiwa. Fundi mmoja wa Tibirinzi aliitazama akasema betri imekufa na mpya haipatikani kisiwani. Mjomba akapiga simu kwamba amempata mtu wa kuinunua, anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Nilimuuliza mjomba, baba atafikaje Chake? Akasema tutaona. Baba hawezi kupanda gari ya abiria wala pikapu, na mjomba alilijua hilo. Nilikata simu bila ya kuaga.

Siku moja tukirudi hospitali, baba amechoka na mazoezi, alilala. Tulifika juu ya kilima. Mama alimtupia jicho, mkono wake ukasita juu ya gia, kisha akauacha usukanini. Aliondoa mguu tu kwenye mafuta. Gari ilishuka ikijizuia kidogo kidogo, na sauti nyembamba ya mluzi ikasikika chini yetu. Mishale ikageuka. Nguvu zilikuwa zinatoka kwenye magurudumu, zinaingia kwenye betri. Tulipofika bondeni kijistari kimoja kilikuwa kimeongezeka, na kilima kilichofuata tulikipanda kimya, betri inaisaidia injini kama watu wawili waliobeba gunia moja. Niliipenda gari ile papo hapo. Vilima vyetu vya panda-shuka ndivyo vilivyoifaa, na sisi kila mteremko tulikuwa tukiitia nyutro na kuinyima chakula chake.

Nilitaka kumwamsha baba nimwambie. Nilishafungua mdomo. Mama alinitazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

"Babako ana kitu gani chengine cha kunifunza siku hizi?" aliniuliza taratibu.

Nilifungua daftari la juu nikaanza kusahihisha kwa hasira.

Wiki iliyofuata, Alkhamisi, siku moja kabla ya mnunuzi kuja, tulitoka tena. Kilima cha kwanza baba akasema neno lake, na mama, mbele ya macho yangu, akatia nyutro. Nilikaribia kulia. Wakati huo ndipo mama alipomwambia baba kwamba macho yake yeye yanaishia barabarani, hawezi kutazama huku na huku, basi amwangalilie vile vijistari na amwambie vikipanda au vikishuka. Alimwomba kama mwanafunzi anavyomwomba mwalimu wake. Baba akajiweka sawa kwenye kiti.

Tulishuka na nyutro, baba anatazama. Hakuna kilichosogea. Bondeni mama alirudisha gia. Mbele kidogo ng'ombe walikuwa wanavuka, mama akakanyaga breki pole pole kutoka mbali, na mishale ikageuka. Baba aliinamisha kichwa karibu na kioo. Kilima cha pili alisema "Nyuto", lakini kwa sauti ya mtu anayejaribu kitu. Mama akatii. Vijistari vikakaa vilevile. Baada ya hapo hakuondoa macho kwenye vijistari, na mimi niliyekuwa nikimuona mkaidi nilijua kwamba kichwa cha dereva kinafanya kazi mle ndani, kizima kabisa.

Kilima cha mwisho kabla ya Chake ndicho kirefu. Tulipofika juu baba hakulisema neno lake. Mama alisubiri, kisha kwa heshima yake akapeleka mkono kwenye gia mwenyewe. Mkono wa baba ukaja juu ya wake ukauzuia. Ulikuwa mkono wa kulia, ulionyanyuka wenyewe kutoka mapajani, ule tuliokuwa tukiupeleka hospitali kila wiki.

"Wacha," alisema. "Yajaa."

Mama aliteremka kilima kizima hali mkono ule uko juu ya wake. Aliniambia, bila ya kugeuka na kwa sauti isiyokuwa yake, "Mpigie mjombao. Mtuwe wa kununua gari asije." Nilitafuta simu kwenye mkoba nisiione, maana machozi yalikuwa yamenijaa. Mama akalipita lango la hospitali bila ya kuingia, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.