Jicho Moja Kabla ya Amina

Tulikuwa wachunaji chai sita kutoka Mogogosiek. Kwa miaka mingi tulitamani kufika kisiwa ambacho mwenzetu mmoja, mzaliwa wa huko, alitusimulia habari zake kila siku shambani.

Kabla ya kupanda boti niliongoza maombi. Nakiri, katikati nilifungua jicho moja, nikaona jaketi za kuokoa maisha ni tano. Nikashika moja kabla ya amina. Yule mzaliwa wa kisiwa akakosa.

“Bila jaketi hupandi,” mwenye boti akamwambia.

“Lakini kwa hawa wote, ni mimi tu najua kuogelea!”

“Hata samaki kwangu atavaa.”

Mwenzetu akacheka, akanifunga kamba za jaketi vizuri. “Unisalimie watu wa kwetu, mzee wa kanisa.”

Kisiwa nilikiona. Tangu siku hiyo, nikiongoza maombi, yeye hafungi macho.