Dawa Isiyohitaji Wembe

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, sijawahi kumpenda, na yeye hajawahi kunipa sababu ya kujaribu. Nyumba yake na ya mama, huko Gehandu, zimetenganishwa na shamba la mahindi. Kwa maoni yangu shamba lile ni dogo mno.

Goti la mama lilikuwa limevimba kama kibuyu. Asubuhi alitoka kitandani kwa kushika ukuta. Vidonge vya diklofenaki vilimsaidia mpaka vikamtoboa tumbo, akatapika damu, akalazwa. Daktari alinitazama kana kwamba ni mimi niliyevimeza, akasema akivirudia tutamzika. Basi tukabaki kuchagua: goti au tumbo. Mimi nanunua maharage Maretadu nikayauze mjini. Kila siku muuzaji ananipa nichague kati ya gunia bovu na gunia bovu zaidi, na kila siku nakataa.

Nikaenda duka la dawa Mbulu mjini. Mfamasia, kijana aliyehamia kutoka Tanga, akaniwekea mezani tyubu ya jeli iliyoandikwa "nano".

"Nano ndiyo nini? Jina la kupandishia bei?"

"Ni udogo, mama. Dawa ni ileile diklofenaki, ila imefungwa ndani ya chembe za mafuta ndogo kiasi kwamba hata darubini ya maabara ya hapa haizioni. Zinapenya kwenye ngozi, dawa inafika kwenye goti. Inayozunguka mpaka tumboni ni kidogo sana."

"Kwa hiyo unaniuzia kitu kisichoonekana kwa bei inayoonekana."

Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa kazini.

"Itamponya?"

"Hapana. Itapunguza uvimbe na maumivu. Apake kwenye ngozi nzima tu, isiyo na kidonda wala mchubuko."

Hiyo hapana ndiyo iliyonifanya nifungue pochi. Akanipunguzia kidogo, nikaomba tena, akasema hapana ya pili. Nikalipa.

Gehandu nilimweleza mama mara mbili, shangazi akiwa amekaa palepale kama hakimu.

"Ngozi ikiwa nzima, dawa inapita wapi?" akauliza.

"Inapenya, shangazi. Ndogo sana."

"Mvua imekunyeshea tangu utoto. Imewahi kupenya ikafika kwenye maini?"

Mama akacheka mpaka akashika goti. Nikamwambia shangazi kwamba shikamoo yangu ameshaipokea, maswali abaki nayo. Kisha nikarudi kwenye maharage yangu.

Niliporudi wiki iliyofuata, mama alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa. Goti lilikuwa jekundu, linang'aa, la moto. Juu yake kulikuwa na chale, mistari mifupi iliyopangwa kama matuta, na jeli yangu imekaukia ndani ya usaha. Nilizihesabu. Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea.

"Nimeifungulia njia," shangazi akasema kutoka kwenye kigoda. "Ilikuwa inakaa juu juu tu."

"Umemchanja kwa wembe gani?"

"Wembe ni wembe."

"Dawa hii imetengenezwa ili isihitaji wembe! Ndiyo kazi yake yote!"

"Baba yako nilimchanja mimi, na hakunipigia kelele."

"Baba yangu alikuwa na adabu. Mimi sina. Toka."

Nikakodi gari. Kwenye kituo cha afya, nesi mgeni wa mkoa akafunua goti, akaguna: "Nyie watu wa huku!"

"Dada, nimeleta mgonjwa, sikuleta ukoo. Safisha."

Akasafisha bila huruma kwa yeyote kati yetu. Akasema usaha ukiingia kwenye kiungo, mguu unaweza kugoma kukunjika maisha yake yote. Mama akasikia. Hapo ndipo nilipomwona akiogopa kwa mara ya kwanza. Tumbo lilipotoboka hakuogopa hivyo.

Usaha haukuingia. Sindano zilifanya kazi yake, vidonda vikafunga. Nilihamia kwa mama nikawa napaka mwenyewe, baada tu ya ngozi kurudi nzima, na shangazi akija namjibu nikiwa mlangoni. Uvimbe ukapungua. Haukwisha, kama kijana wa Tanga alivyosema, lakini asubuhi moja mama alishuka kitandani bila kugusa ukuta. Nikakaa mkao wa kupokea shukrani.

"Shangazi yako ana mkono mzuri," akasema.

"Mkono wa nani?"

"Si unaona siku hizi unapaka inaingia yenyewe? Njia alizifungua nani?"

Mama akajifunga khanga, akachukua fimbo, akaingia kwenye mahindi, goti likikunjika na kukunjuka vizuri kabisa. Nilibaki mlangoni na tyubu mkononi, nikasikia kutoka upande wa pili:

"Karibu wifi! Umekuja kwa miguu yako! Yule mchuuzi wa maharage amesemaje?"