Nilivyomtafutia Bibi Usingizi Mbeya Kabla ya Meli

Nianze na upumbavu, usije ukausikia kwa mtu mwingine: nilikaza kifuniko cha dumu la ulanzi.

Kama wewe ni mtu wa Iringa, najua umeshashika kichwa. Kama umezaliwa mbali na mianzi, nakueleza. Ulanzi ni maji yanayogemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua. Siku ya kwanza ni matamu, hata mtoto anapewa. Baada ya hapo yanajichemsha yenyewe bila moto, yanatoa povu, yanatafuta pa kupumulia. Ndiyo maana mdomo wa dumu unazibwa kwa gunzi la mhindi, tena kwa kulegeza. Bibi alikuwa ameziba kwa gunzi. Mimi, msomi wa kidato cha tatu, nikalitoa, nikaweka kifuniko chenyewe na kukikaza kwa mikono miwili.

Yaliyofuata nitayafikia kwa utaratibu. Mtumishi mstaafu anaanza na siku ya kuripoti kazini, na mimi ni mstaafu, ingawa bado nachapwa kwa kuchelewa mstarini. Vijana wangu wa kidato cha kwanza na cha pili, kaeni vizuri niwasimulie jinsi kazi ya kutafuta malazi ilivyofanywa enzi zetu, yaani likizo iliyopita.

Niliajiriwa Mlandege, Iringa mjini, sebuleni kwetu, nikiwa nimelala kwenye kochi miguu juu. Hakukuwa na usaili. Mkurugenzi Mkuu, ambaye ni mama yangu mzazi na fundi cherehani, aliinua kichwa kutoka kwenye sare ya shule aliyokuwa anashona, akaniangalia vile anavyoangalia uzi uliojisokota.

"Festo, hiyo simu unayoshinda nayo, inaweza kutafuta gesti?"

"Inatafuta chochote, mama."

"Basi leo itafute kitu chenye faida. Bibi yako anakwenda kumwona mdogo wake."

Bibi ni mama yake mama, tunaishi naye. Mdogo wake, Bibi Agnesi, aliolewa na mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, yuko Mbamba Bay mpaka leo. Hawajaonana tangu mama hajaanza kushona. Wanaongea kwa simu kwa kupiga kelele, kana kwamba mtandao hauna kazi na sauti inavuka milima yenyewe. Safari ikapangwa hivi: basi mpaka Makambako, treni mpaka Mbeya, tulale Mbeya, asubuhi tuteremke Kyela kupanda meli. Treni ilichaguliwa kwa sababu ya goti la bibi, ambalo halikubali kukunjwa kutwa nzima kwenye kiti cha basi. Kwenye treni atajinyoosha kitandani.

Mkurugenzi akaweka sharti. "Pale Mbeya nitamwangalia asubuhi. Akiamka hajalala, au miguu imevimba kama siku ile ya harusi Mafinga, tunageuza kurudi Iringa. Meli iende yenyewe. Sitaki kumwuguzia mama majini."

"Mimi siyo gunia la viazi la kugeuzwageuzwa!" Sauti ilitoka jikoni. Huyo ndiye Mwenyekiti wa Bodi, bibi mwenyewe.

Baadaye Mwenyekiti akaniita pembeni. Bibi huniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na huwa ananidai matumizi ya nyumba mbele za watu. Siku hiyo hakutania. "Mume wangu, mama yako haogopi meli. Anaogopa hili goti. Nitafutie kitanda kizuri na mahali pazuri pa kukaa jioni. Nikilala vizuri nitamwona Agnesi. Nisipolala, ndiyo basi tena."

Hapo nikauona uzito wa cheo changu. Nikakaa wima kwenye kochi.

Sasa niwape elimu ya fani. Kuna maneno ambayo mtafuta malazi lazima ayajue. Chumba cha selfu ni chenye choo na bafu ndani, na kwa mtu wa goti hiyo si anasa. "Maji moto yapo" maana yake ni heta ukutani, au dada anayebisha hodi na ndoo. Ni lazima uulize ni lipi. "Mazingira tulivu" ni mbali na kila kitu. "Karibu na usafiri" ni juu ya stendi, utaamshwa na wapiga debe. Na picha, vijana wangu, picha ni maombi tu. Hayajajibiwa bado.

Kituo changu cha kwanza cha uchunguzi kilikuwa Makambako. Nilipendekeza tulale pale kabla ya treni ili bibi apumzike. Mkurugenzi akajibu bila kuinua kichwa: "Makambako? Upepo ule? Bibi yako atafika Mbeya akiwa jiwe." Faili likafungwa.

Kituo cha pili kilikuwa Chimala. Mjomba wangu analima mpunga Madibira, akanishauri tushuke kwenye stesheni hiyo ndogo kule bondeni, kuna joto, kuna wali wa mchele mpya, na jioni unaona ndege weupe wakirudi mashambani. Nilipenda sana. Nikampelekea Mwenyekiti habari.

"Na mbu?" akauliza bibi.

"Nilimwuliza mjomba. Amesema wapo, ila wamezoea watu."

"Wakae na hao waliowazoea."

Ikabaki Mbeya mjini. Nikapata loji moja ina picha ya bwawa la kuogelea la buluu, viti vyeupe, miavuli. Nikapiga simu.

"Dada, hilo bwawa liko upande gani wa vyumba?"

"Bwawa lipi?"

"La kwenye picha."

"Aaa. Hilo lipo kwenye picha."

"Kwa hiyo hapo kwenu halipo?"

"Kwetu kuna baa. Ijumaa tunaleta bendi."

Nilimshukuru kwa ukweli wake, nikakata.

Ya mwisho ilikuwa hosteli ya kanisa. Picha yenyewe ilipigwa vibaya, kidole cha mtu kimeingia pembeni, na hicho kidole ndicho kilichonifanya niamini. Baraza ndefu inayotazama mlima, waridi pande zote za njia, viti vya mbao vyenye mito, vyumba vya chini visivyo na ngazi. Aliyepokea simu alikuwa Mama Msimamizi, sauti ya mtu aliyewahi kufundisha hesabu. Nikamwuliza yote: selfu ndiyo, heta ndiyo, godoro gumu au laini, akasema la kati. Halafu akamaliza: "Geti linafungwa mapema, na pombe hairuhusiwi hata kwa harufu."

"Sisi ni walokole, mama," nikamwambia. Sisi ni Walutheri wa kawaida kabisa.

Sikujua kwamba wakati huo huo bibi alikuwa ameagiza ulanzi kwa ajili ya mdogo wake. Bibi Agnesi hajaonja ulanzi tangu aolewe. Kule ziwani mianzi ya kugema hakuna. Nilipoliona dumu siku ya kuondoka, nilipaswa kusema. Sikusema. Ile baraza ilikuwa nzuri mno, na bibi alishaanza kuitaja kwa majirani. Nikaamua kwamba hilo ni jambo la kiutendaji, nitalishughulikia nikifika.

Safari ya treni ilikwenda vizuri. Bibi alijinyoosha kwenye kitanda cha chini, goti likashukuru, akawa anatuonyesha tambarare za Usangu dirishani, ng'ombe na majaruba ya mpunga, kana kwamba ameziumba yeye. Dumu lilikaa chini ya kitanda likipumua kwa gunzi lake. Behewa zima lilijua tumebeba nini. Jamaa mmoja anayechimba dhahabu Chunya alipita mlangoni kwetu mara nyingi kuliko mtu mwenye shida ya choo.

Tuliposhuka stesheni ya Mbeya kulikuwa na manyunyu na baridi. Mama akaenda kupatana na bajaji. Mimi nikabaki na dumu na harufu yake, nikikumbuka ile "hata kwa harufu". Ndipo nilipokaza.

Hosteli ilikuwa kama kwenye picha, hata kile kidole nadhani nilikitambua; kilikuwa cha mlinzi. Waridi zilikuwa zimelowa, mlima umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Bibi alikaa barazani kwenye kiti chenye mito, akavua viatu, akafunga macho. "Mume wangu," akasema, "leo umeoa." Mkurugenzi aliacha kukunja uso, na kwa Mkurugenzi hiyo ni barua ya pongezi.

Ukumbini kulikuwa na wanakwaya wa mkutano wakifanya mazoezi. Tulikuwa mezani, tumeinamisha vichwa kuombea chakula, uliposikika mlio. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno. Mtu akasema transfoma imelipuka. Taa zilikuwa zinawaka vizuri tu.

Mimi nilikuwa wa kwanza kukimbia, na hilo peke yake lilikuwa ushahidi.

Kifuniko kilikuwa kimegonga dari na kuacha alama. Ulanzi ulikuwa ukutani, kwenye pazia, kwenye Biblia ya hosteli, na zaidi ya yote kwenye kitanda cha bibi. Dumu limebaki nusu, likitoa povu kama mtu mwenye kifafa. Chumba kilinuka kilabu cha Jumamosi.

Mama Msimamizi akafika na mlinzi nyuma yake. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja tu.

"Nani alikaza kifuniko?"

Nikatazama juu. Tone likaniangukia puani.

"Mimi."

"Wewe wa wapi?"

"Iringa."

"Wa Iringa, na unakaza ulanzi?" Alisema kwa huzuni ya kweli. Kumbe yeye ni wa Njombe. Amekulia kwenye mianzi kama sisi.

Bibi akaingia akichechemea, akaona kitanda, akaona dumu. "Kamwene," akamsalimia Msimamizi, kwa salamu ya kwetu, kana kwamba wamekutana sokoni.

"Kamwene, mama."

"Ulikuwa zawadi ya mdogo wangu. Na huyu mtoto sikumwambia nimebeba, nilimficha." Bibi alinidanganyia, mbele ya Biblia iliyolowa. Sijawahi kupendwa kiasi kile.

"Niliona, bibi," nikasema. "Niliona tangu nyumbani. Na sheria niliijua. Mama Msimamizi aliniambia kwenye simu."

Mama yangu hakunitazama. Akaanza kukusanya mizigo. "Dada, tusamehe. Tunaondoka. Usiku huu tutajibanza popote, kesho namrudisha mama Iringa. Safari imeishia hapa."

Bibi alikaa kwenye kiti. Hakubishana. Mwenyekiti wa Bodi, ambaye hubishana hata na redio, alianza kujisugua goti. Hapo nilitamani dari inidondokee yote.

"Mnaondoka kwenda wapi na mama huyu kwenye manyunyu?" akauliza Msimamizi. "Kwanza subiri. Vyumba vya chini vimejaa wanakwaya." Akamtazama bibi, akalitazama goti, akakitazama kile kitanda. "Kipo kimoja. Ni cha Askofu akija kutembelea. Hakuja. Mama huyu atalala humo."

"Dada, hapana, hiyo ni heshima kubwa mno," mama akasema.

"Sikukuuliza wewe." Akanigeukia. "Dumu litakaa getini kwa mlinzi, kwa gunzi. Wewe utafua mashuka haya kwa mkono, utapiga deki, na dari utaifuta. Halafu utalala humu humu."

Nikafua. Kwaya ilirudi mazoezini, na naapa walichagua nyimbo za toba kwa makusudi. Nililala kwenye kile chumba na harufu yake, nikaota ndoto za furaha nisizostahili.

Kulipopambazuka nilikuwa nimekaa barazani nje ya chumba cha Askofu. Mlinzi alinisalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida kwa mtu aliyekesha; sikuuliza dumu limefika kiwango gani. Gari la Kyela tulishaliagiza. Mlango haukufunguka. Nikawaza miguu imevimba. Nikawaza Bibi Agnesi amesimama gatini upande wa pili na leso yake.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama, na kitenge mabegani, kidole mdomoni.

"Hajalala?" nikanong'ona.

"Sogea usikie."

Nikasogeza sikio. Bibi alikuwa anakoroma kama treni inayopanda mlima, pole pole, kwa uhakika, haina haraka na mtu.

"Tangu alipoweka kichwa," mama akasema. "Nimefunua blanketi mara mbili alipoacha kukoroma, nikidhani amekufa."

"Na miguu?"

"Haijavimba. Kama ya msichana." Akaegemea fremu ya mlango, mabega yake yakashuka, nikagundua kwamba tangu Iringa alikuwa ameyabeba juu. "Kapige mswaki. Tunakwenda Kyela."

Niseme nini tena? Tuliteremka kupitia Tukuyu, chai na migomba pande zote mbili, joto likipanda kila kona, mpaka Kyela, mpaka bandarini. Meli ilikuwepo. Bibi alipanda ngazi zake mwenyewe, akamkatalia baharia mkono.

Nilistaafu hapo hapo sitahani. Kwenu mnaoinukia katika fani, nawaachia haya: uliza kama maji moto ni heta au ndoo, amini picha yenye kidole, na masharti ya nyumba ya watu, mwambie anayebeba mzigo kabla hajafunga mzigo. Mimi nilijua mawili ya kwanza tu, la tatu nikafundishwa na kitambaa cha deki.

Bibi alikuwa amekaa upande wa pili na akina mama wa Kyela ambao hakuwahi kuwaona, ameshawageuza ndugu. "Nimelala kitanda cha Askofu!" nilimsikia. "Eee! Hakuwepo. Bahati yake!" Wakaanguka kicheko, yeye akiwashinda wote kwa sauti.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mama kwenye reli, namweleza kuhusu kiinua mgongo changu, mazingira magumu ya kazi, na ukosefu wa vifaa vya kujikinga na dari. Mama akanishika begani, akasema:

"Festo, nyamaza kidogo. Nataka kumsikia mama yangu anavyocheka."