Jumamosi ya Msusi

Nilistaafu kuogelea nikiwa na miaka ishirini na tisa, na mtu wa kwanza kunipokea kwenye ustaafu alikuwa jirani yetu wa mtaa wa Jericho, mzee aliyefanya kazi reli hadi mvi zikamwisha pamoja na nywele. Alinisimamisha mlangoni, akanipa mkono kwa heshima zote.

"Karibu kwa wastaafu," akasema. "Drafti huanza saa nne. Usichelewe."

Nilicheza naye miezi minne na sikumfunga hata mara moja. Mimi, niliyewakilisha nchi miaka kumi na mitatu, nashindwa na vifuniko vya soda!

Nilikuwa nimerudi kuishi kwa mama. Mama ni msusi, na nasema bila haya kwamba Jericho nzima hakuna mkono kama wake. Ana kibanda sokoni, viti viwili na kioo chenye ufa, na wateja humfuata kutoka Huruma na Kariobangi. Wanamwita Mama Samaki kwa sababu yangu. Mara moja moja hufika mgeni na kikapu, akiuliza kama omena imekwisha.

Lakini Mama Samaki hakuwahi kumwona samaki wake akiogelea. Mashindano yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo wanawake wote wa Eastlands hutafuta vichwa vya kwenda navyo kanisani. Nikiwa mdogo nilimwelewa. Nikiwa mkubwa nilisema nimemwelewa. Ukweli ni kwamba kila nilipogusa ukuta nilitazama watu walioketi kabla sijatazama saa, na iliniuma kila mara. Naye alikuwa na lake: binti wa msusi, nilitembea na kichwa cha kunyoa tangu darasa la tano, kwa ajili ya kofia ya kuogelea na dawa ya maji. Wateja walimcheka. "Mganga hajigangi!"

Kisha nikapata kazi. Msimamizi wa kidimbwi kimoja cha kuogelea mtaani alikubali nifundishe akina mama, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Darasa likijaa, ni langu. Lisipojaa, nafasi ile atawapa watu wengine. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka medali. Kuogelea ndicho kitu pekee nilichokijua, na drafti ilikuwa imenikataa.

Nikapanga darasa Jumamosi, saa kumi jioni. Mashindano yote ya maisha yangu yalikuwa Jumamosi, kwa hiyo sikufikiria mara mbili.

Walikuja wanane, karibu wote wateja wa mama, wamechangamka, wanacheka. Na kila mmoja alikuwa ametoka kibandani moja kwa moja, kichwa kinang'aa mafuta. Waliingia majini vizuri, wakafika kifuani, wakasimama hapo shingo ndefu kama watu wanaovuka mto na unga kichwani.

"Sasa tunaingiza uso," nikasema.

Wote wakashika vichwa vyao.

"Kocha, maji tumeyavulia nguo," akasema muuza mboga mmoja mwenye sauti ya kwaya. "Lakini hii kichwa nimeikalia masaa manne. Na kesho naimba mbele."

"Si uvae kofia?"

"Kofia gani itaingia hapa?" Akaelekeza kidole kwenye mlima wa rasta alioubeba.

Jumamosi ya pili walikuja watano. Ya tatu, watatu. Wakakaa ukingoni, wakachovya miguu, wakala ndizi. Msimamizi alipita, akawatazama, akaenda zake. Nilirudi nyumbani nimefura.

"Wateja wako wananiharibia kazi!" nikamwambia mama.

Hakuinua macho. Alikuwa anaosha vichana vyake kwenye karai. "Wewe ndio umekosea siku," akasema. "Jumamosi kichwa ni ya Mungu na ni yangu. Peleka hiyo darasa Jumatatu. Na ukae hapa chini."

Nikakaa sakafuni, katikati ya magoti yake. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kushikika. Akanisuka matuta membamba, yaliyolala kuelekea nyuma, akiyavuta hadi nyusi zikapanda.

"Hii itaingia kwa kofia," akasema. "Wakiona imeshika, watafuata. Na usipige kelele, wewe si mtoto."

Ilikuwa mara ya kwanza mikono ile kunisuka tangu nilipokuwa mtoto. Nilifurahi kiasi cha kulia, nikasingizia kichana.

Jumatatu walikuja kumi na wawili. Jumatatu ndiyo siku ambayo msusi hana kazi, jambo ambalo mimi, na akili zangu zote, sikuwa nimelifikiria. Pale kwenye benchi, mbele ya wote, alikuwa ameketi mama, amevaa nguo za kanisani, mkoba magotini.

"Sikuja kukuona wewe," akatangaza, wote wasikie. "Nimekuja kuona kama kazi yangu itashika."

Nikavaa kofia, nikaruka. Niliogelea kwenda na kurudi kwa kasi ambayo sikuwa nimeitumia tangu nistaafu, na nilipogusa ukuta sikutafuta saa. Mama alikuwa ameshafika ukingoni. Akanivua kofia, akakishika kichwa changu kwa mikono miwili, akapitisha ukucha kwenye tuta moja moja huku wanawake wakimchungulia begani.

"Imeshika," akasema.

Vigelegele! Muuza mboga ndiye aliyetangulia kuzamisha uso. Akaibuka akikohoa, akiuliza kama Mama Samaki ana nafasi ya kumfumua rasta kesho asubuhi. Wengine wakamfuata majini wakisukumana, na msimamizi akaja kuniuliza kama Jumatano pia ningeweza.

Mama alikuwa bado amekishika kichwa changu.

"Rudia," akaniambia kwa sauti ndogo.

"Nirudie nini?"

"Kuogelea. Saa ile nilikuwa naangalia nywele."