Mpaka Pale Salamu Zinapojibiwa

Gunia la samaki wa chumvi likilowa mvua, kisha likaanikwa karibu na lori linalovuja dizeli, hutoa harufu yake peke yake. Wengine huziba pua. Mimi huvuta pumzi mpaka kifua kijae, na mara moja ninakuwa tena mtoto wa darasa la tano, nimekaa juu ya magunia ya mama yangu kule sokoni Kikuubo, ninamfundisha mtu mzima kusalimia. Juzi nilipita nyuma ya ghala moja nikaikuta harufu hiyo inaningoja. Mjukuu wangu akauliza kwa nini natabasamu mahali panaponuka hivi. Nilimwambia ni habari ndefu, naye akakimbilia hewa safi, kwa hiyo nitakusimulia wewe.

Miaka ile nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Tulikaa Kansanga, pembeni mwa Kampala, vyumba viwili nyuma ya duka ambalo halikuwa na kitu cha kuuza. Baba alikuwa polisi, Mlugbara wa Arua, na kazi ilikuwa imempeleka Moroto. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, wa ukoo ulioletwa na jeshi la wakoloni kutoka Sudani. Baba hakujua Kinubi, mama hakujua Kilugbara, basi walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na mimi nikazaliwa humo humo. Kilikuwa Kiswahili kilichochakaa vizuri, kama kanga ya kushindia nyumbani. Sikujua kama kuna watu wanaokiogopa.

Nalongo alikiogopa. Alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, Mganda, mama wa mapacha, mwanamke wa kucheka mpaka ajifute machozi. Alituletea ndizi za matooke hata wakati ambapo kwake zilikuwa haba. Lakini mimi na mama tukianza kuongea, aliinamisha kichwa na kujifanya anatafuta kitu kilichoanguka. Uani kwake tuliongea Luganda tu. Nilidhani ana shida ya masikio. Nilikuja kuambiwa na mapacha wake kwamba watu wenye bunduki waliwahi kuuvunja mlango wao, wakachukua redio na baiskeli ya baba yao, na maneno yote waliyosema yalikuwa ya Kiswahili. Simama. Toa. Lala chini.

Sasa nije kwa mjomba. Mjomba Farajala, ndugu wa mama wa ziwa moja, alikuwa dereva wa lori. Alikuwa na jino moja la fedha, na alicheka kwa upande huo ili watu walione. Mimi, Halima, aliniita Hakimu, kwa sababu nilipokuwa mdogo niliketi kati ya sahani za watoto na kuamua nani apewe mfupa wenye uboho. Siku zote nilijihukumia mimi mwenyewe, naye alishangilia hukumu hiyo kuliko mtu yeyote. Nilimpenda mjomba wangu kupita kiasi, na sioni haya kusema hivyo.

Alipeleka mzigo Kongo, nchi ambayo siku hizo iliitwa Zaire, na hakurudi. Mvua ziliisha, zikaanza nyingine. Kwenda kuuliza ofisini ilikuwa kujitafutia balaa, maana ofisi za siku hizo zilipenda kuuliza kuliko kuulizwa. Kisha akaja mtu akasema ameliona lori la bluu limeungua ng'ambo ya mpaka, na lori la mjomba lilikuwa la bluu.

Haji Juma, kaka yao mkubwa, akatoa uamuzi. Hitima isomwe kabla ya Ramadhani, na Zubeda, mke wa mjomba, akae eda kama mjane. Zubeda alikuwa bado msichana, na tumboni alikuwa na mtoto. Mama ndiye aliyejibu.

"Kaka, mimi sijaona kaburi," alisema. "Wewe nipe mpaka mwisho ya Shaabani. Mimi natafuta."

"Unatafuta na nini?"

"Na mdomo."

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Kaggwa alitufundisha maeneo ya dunia. Mwalimu Kaggwa alikuwa na suti moja na ulimi usiokuwa na breki. Alituonyesha ramani iliyochanika kwenye mikunjo, akaweka fimbo ng'ambo ya bahari, akatuambia kwamba pale zipo nchi nyingi zenye bendera mbalimbali, lakini dunia imeziita kwa jina moja, Amerika ya Kilatini, kwa sababu lugha zao ni watoto wa mama mmoja, Kilatini. Kisha akaivuta fimbo mpaka kwetu. "Na sisi tunaitwa Mashariki. Mashariki ya nini? Tumepewa jina la upande, kama mlango wa jikoni." Tulicheka. Akasema kila mmoja akafikiri: kama eneo letu lingepewa jina kwa lugha, lingeanzia wapi na lingeishia wapi? Nilitoka darasani nikiwa sina jibu, na sikujali, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwa mjomba.

Mama aliuza magunia matupu Kikuubo, kwa hiyo madereva wote waliokuwa na mizigo walimjua. Aliyekuwa akienda njia ya Kasese na kuvuka hadi Kongo aliitwa Kambale, Mnande wa Butembo, mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Barua haikuwa salama kwenye vizuizi vya wanajeshi. Ujumbe ulibebwa kichwani, dereva akampa mchuuzi, mchuuzi akampa fundi, fundi akampa dereva mwingine. Ndivyo watu wa njia walivyofanya kazi. Mama akaona amrahisishie Kambale mzigo wa kukumbuka. Akampa maneno machache yaliyonyooka: Farajala dereva wa lori la bluu yuko wapi? Ajibu haraka.

Kambale akarudi na mikono mitupu. Nakumbuka alivyoivua ile kofia kabla ya kusema, kwa Kiswahili chao cha Kongo.

"Mama, habari yako haikuwa na salamu. Batu ya kule banasikia Kiswahili ya Kampala inauliza mutu iko wapi, ajibu haraka. Banasema huyo ni askari anamutafuta. Hata bale banamujua, banasema hatumujui."

Mama alikaa juu ya magunia. Alikuwa amemficha ndugu yake kwa maneno yake mwenyewe. Mnubi, binti wa watu wa jeshi, alikuwa ametuma amri akidhani ametuma swali.

"Basi tunaanza tena," alisema baadaye. "Na salamu yote."

Lakini kila alipofika kwenye jina la mjomba sauti ilikatika, na Kambale naye akashindwa kushika. Ndipo nikasema niachieni mimi. Nilipanda juu ya magunia, nikaketi kama nilivyokuwa nikiketi kati ya sahani, tukaanza. Mimi nasema, Kambale anafuata. Akikosea tunarudi mwanzo. Wapagazi waliokuwa wakipita na mizigo walitucheka, kisha wakaanza kutusaidia.

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi. Mama Halima wa Kansanga, muuza magunia, anakusalimu wewe unayesikia. Anauliza watoto wameamkaje, na shamba, na ule mguu kama bado unauma. Huku kwetu mvua imenyesha, chumvi imeadimika, lakini tupo. Pokea salamu hizi, ongeza na zako, uzisukume mbele. Huko mbele kama yupo Farajala mwenye jino la fedha, aambiwe dada yake hana kesi naye, ana hamu naye. Na Hakimu anauliza mfupa wake uko wapi.

Hilo la mwisho nililiweka mwenyewe. Mama alitaka kulikataa, kisha akaliacha.

Kambale akaondoka. Shaabani ikaanza kuisha, na barabara haikuleta kitu. Haji Juma akaja kutoka Bombo na mbuzi, mchele na masheikh wawili, maana siku aliyotoa ilikuwa imefika. Uani kwetu kukajaa mikeka. Nalongo alikuja na binti zake kumenya viazi, akiwa kimya, kwa kuwa wageni wote walikuwa wakiongea Kiswahili. Ndani, Zubeda alikuwa ameketi na shuka jeupe la eda limekunjwa mapajani. Alikuwa bado hajalivaa. Mama alikuwa akikoroga pilau huku akilia bila kujificha, na kila mtu akijifanya ni moshi.

Wali ulikuwa umeshakauka maji niliposikia breki za lori barabarani. Kambale aliingia uani na vumbi mpaka kwenye kope, akasimama katikati ya mikeka, akavua kofia.

"Yambo bamama bote. Yambo bababa. Nimebeba salamu."

Haji Juma akainuka. "Mzee, sema moja tu. Farajala iko hai ama hapana?"

"Baba, salamu kwanza," alisema Kambale. "Ile siku tulikosa salamu, na njia ikafunga."

Haji akamtazama mama. Mama angeweza kumshika Kambale kola akamtikisa, na mimi ningemsaidia. Badala yake alifuta mikono kwenye kanga, akasogeza kigoda. "Kaa, Kambale. Kunywa maji. Sisi nasikia."

Basi tukasikia. Muuza chumvi wa mpakani alitusalimu, akasema mguu wake umepona na ameshangaa tulijuaje. Fundi wa magurudumu wa Beni alitusalimu, mkewe amejifungua. Salamu kutoka Butembo zilikuwa za nyumbani kwa Kambale, ndefu kuliko zote, tukazivumilia. Mwanamke wa Bunia auzaye maharage alisema huko nako wanajeshi wanasumbua, na kwamba amefurahi kusikia Kiswahili cha mbali kikiuliza habari ya watoto wake. Kila salamu ilikuwa na ladha yake, hii imekatwa mkia, ile imeongezwa kichwa, lakini hapakuwa na hata moja iliyohitaji mkalimani. Wanawake uani walikuwa wakiitikia moja moja, "Tumepokea, tumepokea," na sauti ilizidi kupanda.

"Sasa ya mwisho," Kambale akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hii inatoka Kisangani, kwa mutu moja anacheka upande. Anasema Hakimu asitoe hukumu. Ule mufupa iko, anakuwekea."

Mama alipiga kigelegele ambacho sijasikia kingine kama hicho maishani. Vigelegele vya wengine vikafuata mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Lori lililoungua, Kambale alieleza, lilikuwa la mtu mwingine. La mjomba lilivunjika gia huko mbali, akaugua, akapona, na sasa alikuwa akifanya kazi ili apate nauli ya kurudi. Zubeda alitoka ndani, akalikunjua lile shuka jeupe mbele ya masheikh, akalitandika chini kwenye mkeka.

"Weka sinia hapa," alisema.

Haji Juma alijaribu kukunja uso kwa ajili ya heshima ya mbuzi wake. Hakuweza. Akasoma dua ya shukrani, na pilau ya hitima ikaliwa kama ya harusi. Kambale alipewa mapaja mawili.

Alipoinuka kuondoka, Nalongo alimfuata mpaka kizingitini. Alikuwa ameshika kisu cha viazi. Akasema, kwa lugha ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, "Mzee, salamu ya ile mama ya maharage nimepata. Rudisha yangu. Sema Nalongo ya Kansanga iko." Kisha akageuka haraka, akarudi kwenye maganda yake.

Jumatatu nilinyoosha mkono darasani kabla Mwalimu Kaggwa hajauliza kitu. Nilienda kwenye ramani, nikaweka kidole Kansanga, nikakipeleka Kasese, Beni, Butembo, Bunia, mpaka Kisangani penye mto, nikisema kila pahali nani amenisalimu. Nikasema ng'ambo ya pale, kwa maelezo aliyotuma mjomba, wanaanza kukujibu Kilingala, basi eneo letu upande ule linaishia hapo. Upande wa baharini sijui, kwa kuwa bado hatujatuma. Mwalimu alisahau kuwa na ulimi. Akaniachia fimbo, akasema nirudie kwa wale wa nyuma.

Wakati huo nilijiona mshindi wa jiografia. Nilichokielewa nikiwa mtu mzima ni kwamba zile salamu tulizoziona kama mapambo ndizo zilizokuwa ujumbe wenyewe. Kila mlango wa njia ile ulikuwa na Nalongo wake nyuma, anasikiliza Kiswahili kinachobisha ni cha nani, cha bunduki au cha nyumbani. Wenye bunduki walikuwa na Kiswahili kote huko, na hawakuweza kumpata mjomba wangu. Sisi tulimpata, kwa sababu tuliuliza habari ya mguu. Eneo letu si pale lugha inaposikika. Ni pale inapojibiwa.

Mjomba alirudi wakati wa kiangazi, amekonda, bila jino la fedha, aliloliuza njiani. Alifika alasiri, sisi tukiwa Kikuubo, akakuta kwetu kumefungwa. Akabisha kwa Nalongo, na kwa kuwa hakujua habari za mlango ule, akapiga hodi kwa Kiswahili, kwa sauti yake nene ya barabarani. Mapacha wanasema walijificha chini ya kitanda. Mama yao alisimama katikati ya chumba akisikiliza, mpaka ile sauti ya nje iliponyamaza kidogo, ikauliza, "Wa humu mmeshindaje? Watoto wazima?"

"Wazima," alisema Nalongo, na akafungua mwenyewe.