Shokapu za Boneti na Fimbo Aliyoidai Babu Yako

Siku niliyoiingiza pikapu yangu ya kwanza uani kwa babu yako, yule mzaa mama yako, bado naiona. Jua lilikuwa la saa sita la Shinyanga, lile linalopasua midomo. Nimetoka machimboni Nyarugusu, nimevaa shati jeupe, na mshenga wangu amekaa pembeni kimya, kwa sababu nilimwambia aniachie mimi niongee.

Mwanangu, juzi ulinipigia simu kutoka Nkome ukaniuliza hizo shokapu ulizofungiwa kwenye boneti zitadumu muda gani. Ungeweza kumuuliza fundi. Umeniuliza mimi, basi utanisikiliza mpaka mwisho, maana jibu langu lina mama yako ndani.

Shule mimi sikuikaa. Niliiacha nikachunga, nikatoka kwenye ng'ombe nikaingia duarani, mashimo ya dhahabu, kuchimba, na nilichokipata chini ya ardhi nilikigeuza gari. Hakuna aliyenipa, na hilo nalisema mpaka leo bila haya. Ila mtu aliyejipatia kitu kwa nguvu zake ana ugonjwa mmoja: anadhani kila anachokisema juu ya kile kitu ni kweli, kwa kuwa kitu ni chake.

Ile pikapu ilikuja na fimbo yake ya chuma, ile unayoisimamisha ili boneti isikuangukie. Nikaona ni ushamba. Fundi mmoja wa Kahama akanifungia shokapu mbili za gesi. Hazikutoka kiwandani na gari, zilitengenezwa na watu wengine zikalazimishwa kukaa. Lakini ukifyatua kitasa boneti inapanda yenyewe na kutulia juu. Nikang'oa fimbo, nikampa Mama Doto, mama ntilie wa pale kwenye karasha letu la kusagia mawe, achochee moto wake.

Basi kwa babu yako, hata maji ya kunywa hayajafika, nikafungua boneti. Ikapanda. Mama zako wadogo wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu hata gari lake lina adabu, limesimama kusalimia."

Babu yako alikuwa ameendesha malori ya pamba maisha yake yote. Akasogea na mkongojo wake. Hakuitazama injini. Alitazama lile tundu tupu lililokuwa la fimbo.

"Fimbo yake iko wapi?"

"Niliitoa, mzee. Haina kazi tena."

"Na hizi zinadumu muda gani?"

"Hizi ni za maisha."

Fundi hakuniambia hivyo. Maneno hayo niliyatunga palepale, kwa sababu mama yako alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kunawia.

"Sawa," babu yako akasema. "Habari za ng'ombe tutaziongea asubuhi. Laleni hapa."

Ng'ombe ndio mahari, mwanangu. Mshenga akanitazama kwa jicho baya.

Ilikuwa Julai, na asubuhi za Julai kule zina baridi ya kuingia mifupani. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, kisha akaniambia nimwoneshe oili. Boneti ikapanda kwa uvivu. Nikaisaidia kwa mkono, ikasimama. Nikainama, nikachomoa stiki ya oili, nikaanza kumweleza. Boneti ikaanza kushuka nyuma yangu, polepole, kama mzee anayetafuta kiti, na mwishoni ikajiachia. Nikasikia chuma kinagonga mti juu ya kisogo changu. Babu yako alikuwa ameshachomeka mkongojo wake. Aliushika tayari tangu nilipoinama.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Akasema huku bado ameishikilia boneti, "Kijana, gari ni lako na shingo ni yako, mimi hayo hayanihusu. Nimekuuliza kitu kinadumu muda gani. Hukujua, ukanipa jibu la kunipendeza. Leo nikikuuliza utamtunza binti yangu mpaka lini, nitajuaje kama unajibu au unanipendeza?"

Nikajitoa chini ya boneti, yeye akaishusha.

"Kaitafute fimbo. Ukirudi nayo tutakaa."

Njia nzima ya kurudi, aliyeongea ni mshenga.

Mama Doto nilimkuta anageuza makaa kwa ile fimbo, imekuwa nyeusi na ncha imepinda. "Si ulisema ni takataka?" akaniuliza. "Hii imeivisha maharage mengi kuliko mawe uliyobeba na hilo gari." Hakunipa mpaka nilipomletea chuma kingine, tena akanirudisha nikakisugue kutu kwanza.

Nikaenda ukweni na masizi kwenye suruali. Babu yako akaisimamisha fimbo kwa mkono wake, akaitikisa boneti, haikucheza. Akaniuliza lilelile.

"Na hizi zinadumu muda gani?"

"Sijui, mzee. Zimeshaanza kuchoka. Nitazijaribu asubuhi kukiwa na baridi, na nikiinama naisimamisha fimbo."

Akageuka akaita, "Leteni viti."

Aliyeleta ni mama yako. Cha kwanza akampa baba yake. Changu akakifuta vumbi kwa kanga.

Sasa chukua jibu lako. Shokapu zisizotoka kiwandani na gari, zile nzuri zinaweza kukupeleka miaka kadhaa. Za hovyo, kwa vumbi letu na joto la injini, mwaka ukiisha nazo zimeisha. Anayekuambia ni za maisha anakuuzia. Ule mti wake wa chuma unaong'aa, unaoingia na kutoka, ufute kwa kitambaa kikavu, maana vumbi ndilo linalokata mpira wa ndani na gesi inatoka. Ukiona mti huo umelowa mafuta, au boneti inaomba msaada wa mkono, badilisha zote mbili, usichanganye mpya na iliyochoka. Usizipime mchana. Jua likiwa kali hata iliyokwisha inajikaza. Zipime alfajiri kabla hujawasha gari. Na fimbo usiitoe, hata wenzako wakikucheka pale mwaloni mnapopakia dagaa.

Na mtu akikuuliza kitu chako kitadumu muda gani, kiwe gari, kiwe biashara yako ya dagaa, kiwe neno ulilompa mtoto wa watu, kama hujui sema hujui, kisha mwambie utakavyokiangalia. Mimi hilo ndilo lililonipa mke. Gari lile limeshakatwa vyuma chakavu. Mama yako yupo hapa, ananiambia nisikuchoshe.

Nenda salama na mzigo wako, mwanangu. Mungu akulinde uso wako na kisogo chako, na kila utakapoinama akuwekee mtu nyuma mwenye mkongojo mkononi.