Verediane Alivyoteka Bandari ya Shemeji Yake

Verediane ni fundi cherehani wa sokoni Gisenyi, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kushindwa. Si kwenye nguo, maana huko hana mpinzani. Alishindwa kwenye simu, katika ule mchezo wa falme ambapo kila mmoja anangoja zamu yake, anasogeza askari, anajenga kuta, kisha anamwachia mwenzake. Kundi lao lilikuwa la watu wa Gisenyi, upande wa Rwanda, na Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na mkubwa wao, mwalimu Védaste, hakuchoka kumtania. "Mama, we unashonaka ufalme muzuri," alimwandikia, "lakini wengine ndio wanauvaa!"

Mwaka huu mambo yakageuka. Wenye nguvu walibaki wawili tu, yeye na Kimenyi, mdogo wa mume wake, anayekaa Goma. Mchezo ukifika mwisho namna hiyo, kila mtu ana kuta nene na mizinga, na hakuna anayetaka kuanza. Kupita milimani ni kuua jeshi bure. Afadhali majini: unaficha meli kwenye ukungu wa ramani, unazisogeza hadi pale ambapo mizinga ya adui haifiki, na zamu yako ikirudi unashusha jeshi zima kwa mkupuo, unateka mji mkuu kabla mwenzako hajapata zamu ya kujibu. Lakini lazima ujue ni bandari ipi haina ulinzi. Ukikosea, umekwisha.

Ndipo Umuhoza, mke wa Kimenyi, alipoanguka na pikipiki njia ya Nyamyumba, akavunjika mguu na kulazwa hapa Gisenyi. Kimenyi akawa mtu wa kuvuka mpaka kila kukicha, watoto wako kule, mke yuko huku. Chakula cha mgonjwa kikawa kazi ya Verediane. Asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alipeleka uji wa ulezi kwenye thamosi, akamsaidia Umuhoza kukaa vizuri, wakapiga soga mpaka uji ukaisha. Walipendana kweli, hawa wawili; Umuhoza alimwita yaya, kwa lugha ya kwao dada mkubwa.

Siku ya upasuaji Kimenyi akampa Verediane neno lake la siri la mchezo, kwa sababu anayekosa zamu mara nyingi anafutwa. "Shemeji, mi sina akili ya mchezo leo," alimwambia. "We pitisha zamu yangu tu. Usiguse kitu."

Hakugusa kitu. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli. Alitazama tu. Ramani ya Kimenyi ilifunguka yote bila ukungu: mizinga yote iko milimani, na bandari ya kaskazini inalindwa na wapiga mishale wachache wa zamani, wa kutia huruma. Mtu mwema angepitisha zamu na kufunga simu. Verediane aliiweka simu mapajani, akaangalia kulia na kushoto kama mtoto aliyeshika kopo la sukari, kisha akaitazama bandari ile kwa mara ya pili.

Wala hakushambulia siku hiyo. Alingoja upasuaji uende salama na Kimenyi arudie kucheza mwenyewe, ili asimpige mtu ambaye hayupo. Eti heshima! Kisha akashusha meli zake zote kaskazini, na mji mkuu ukaanguka kwa zamu moja.

Kundi zima lilishangilia. Védaste akauliza, "Bandari ile uliijua namna gani, mama?" Kabla hajapata uongo wa kujibu, Kimenyi mwenyewe akaandika: "Shemeji yangu iko na akili, muache."

Verediane aliona uso wake unawaka. Jioni ile alishona mkono wa blauzi ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile tena. Asubuhi alipika uji, akafika hadi lango la hospitali, akamwona Kimenyi barazani, akageuza. Kesho yake alimtumia Umuhoza ujumbe kwamba kuna gauni la harusi la haraka. Siku iliyofuata akasema ni sare za kwaya. Hakukuwa na harusi wala kwaya, kulikuwa na mwanamke mzima anayejificha nyuma ya cherehani yake kwa aibu.

Mwishowe alishindwa kuvumilia, akaenda. Alimkuta Umuhoza anakula maharage kwenye sahani moja na mgonjwa wa kitanda cha pili, na Kimenyi amekaa pembeni. Verediane hakusalimia hata.

"Shemeji, mi niliiba," alisema. "Ile siku ulinipa neno la siri, niliangalia ramani yako. Bandari niliiona."

Kimenyi akacheka mpaka muuguzi akageuka. "Bon, si nilijua! Nani anaacha bandari zingine zote na anakuja kwa mulango moja wazi? Ile ni mchezo tu, shemeji. Hata mi ningechungulia."

Kisha kicheko kikamwisha. Akaitazama ile sahani. "Lakini mi nilikuwa naenda Goma na roho nzuri, najua mugonjwa iko na yaya yake. Narudi, nakuta anagawiwa chakula na mutu hatujui hata jina."

Umuhoza aliweka kijiko chini. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yaya, mi nilizani nimekukosea," alisema. "Kila siku nalala nawaza, nilimwambia nini?"

Verediane alibaki amesimama kati ya vitanda, thamosi mkononi. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi kwa ajili ya bandari. Kwa hili hakuwa amepanga hata moja.